Pwani ya Lamu katika ushairi wa Kiswahili

Pwani ya Lamu (kwa lahaja ya wenyeji: Amu) ni sehemu ya kaskazini kabisa ya mwambao wa Kenya, karibu na mpaka wa Somalia. Inajumuisha visiwa vya Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu pamoja na ukanda wa bara unaoelekeana navyo. Eneo lote liko ndani ya Kaunti ya Lamu. Watalii huifahamu zaidi kwa fukwe, majahazi na Mji wa Kale wa Lamu, ulioandikishwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Katika fasihi ya Kiswahili pwani hii inajulikana kwa sababu nyingine: sehemu kubwa ya tenzi za kale tulizo nazo zilitungwa au kunakiliwa katika miji yake midogo, hasa kati ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 20.

Bahari na pepo

Visiwa vimetengwa na bara kwa mikono myembamba ya bahari iliyozungukwa na misitu ya mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii. Maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na safari nyingi hutegemea hali hiyo. Mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika maji yakijaa tu. Anayekwenda mji wa Pate naye hana budi kuyasubiri.

Kwa karne nyingi maisha yalipangwa kwa pepo mbili. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ilivirudisha vikiwa na boriti za mikoko, pembe za ndovu na bidhaa nyingine. Mabaharia walilazimika kukaa bandarini wakingoja upepo ugeuke, na pamoja nao walikaa wanazuoni, vitabu na karatasi. Akiolojia imeonyesha ukale wa mawasiliano hayo: huko Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulioongozwa na Mark Horton ulifichua makazi yaliyoanza karne ya 8, pamoja na mabaki ya misikiti ya mwanzo iliyojengwa mmoja juu ya mwingine.

Msomaji anayetarajia kukuta sifa za mchanga mweupe na machweo katika tungo za kale atashangaa. Washairi wa zamani hawakuitazama bahari kama mandhari. Waliiona kama njia, mali na hatari, na katika mashairi yao huonekana mara nyingi kwa sura ya chombo, nanga, mawimbi na matumbawe. Hata istilahi za ushairi zimeichukua: aina za mashairi huitwa bahari, na kina kinachofunga kila ubeti wa utendi kutoka mwanzo hadi mwisho huitwa kina cha bahari. Neno hilo limetoka Kiarabu, ambako pia lina maana mbili, ya maji makuu na ya mizani ya shairi.

Fumo Liyongo

Shujaa mkubwa wa masimulizi ya pwani hii ni Fumo Liyongo, mpiga upinde na mtunzi, anayehusishwa na Pate, Shanga na nchi ya Ozi karibu na mdomo wa mto Tana. Wataalamu hawakubaliani aliishi karne gani. Inasimuliwa kwamba mtawala wa Pate alimfunga gerezani, naye akaletewa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, chakula ambacho walinzi wasingekitamani. Wakati watu wakicheza gungu nje kwa kelele, alikata minyororo. Baadaye aliuawa na mwanawe mwenyewe, aliyehongwa, kwa kuchomwa kitovuni. Liyongo alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Kisa hicho kilitungiwa utendi na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913, lakini nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo mwenyewe ni za zamani zaidi.

Pate na Al-Inkishafi

Mji wa Pate, chini ya ukoo wa Nabahani, ulikuwa na nguvu na utajiri hasa katika karne ya 17 na 18. Ni katika ikulu yake iliyoitwa Yunga ambako Mwengo bin Athumani, kwa kuombwa na sultani, alitunga Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali. Mswada wake wenye tarehe ya 1728 ni miongoni mwa miswada ya kale kabisa ya Kiswahili inayojulikana. Utendi huo una beti zaidi ya elfu moja na unasimulia vita kati ya Waislamu na Warumi wa mashariki. Pate ndiko alikotoka pia Sayyid Aidarusi bin Athumani, aliyeifasiri Hamziya ya al-Busiri kutoka Kiarabu.

Kisha Pate ikashuka. Bandari yake ilizidi kuwa ya kina kifupi, vita vya kugombea ufalme havikukoma, na biashara ikahamia Lamu. Pigo kubwa lilitokea kati ya 1812 na 1813, jeshi la Pate na washirika wake Wamazrui wa Mombasa liliposhuka Shela, kusini mwa kisiwa cha Lamu. Masimulizi ya Lamu yanasema kwamba wavamizi walioshindwa walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa mchangani, maji yamekupwa, wakauawa hapo pwani. Kwa kuogopa kulipiziwa kisasi, Lamu iliomba ulinzi wa Sayyid Said bin Sultan wa Omani, na ngome yake ikamalizika takriban mwaka 1821. Vita hivyo vilipiganwa kwa beti pia: Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) na malenga wa Lamu, akiwemo kiongozi wao Bwana Zahidi Mngumi, walirushiana mashairi ya vijembe.

Katika zama hizo za kuanguka alitunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir shairi linalohesabiwa na wengi kuwa kilele cha ushairi wa kale, Al-Inkishafi. Ni fupi, halifiki beti themanini. Mshairi anazungumza na moyo wake mwenyewe, anaukanya usidanganywe na dunia, na dunia anaifananisha na bahari iliyochafuka yenye matumbawe, ambayo kila aipandaye hupata hasara. Hoja hiyo ni ya kawaida katika mawaidha ya Kiislamu. Nguvu ya shairi iko katika ushahidi linaotoa, kwani Sayyid Abdalla hakwenda mbali kuutafuta. Anauonyesha moyo nyumba za matajiri wa Pate: kumbi zilizokuwa na taa za kioo sasa zina popo, na zidaka za ukutani zilizopangwa sahani za kaure sasa zimelaliwa na makinda ya ndege, huku bundi akilia ndani. Kisha anawauliza waliko wenye nyumba, akiwataja baadhi yao kwa majina.

Zidaka hizo si mapambo ya kishairi tu. Kuta za chokaa zenye safu za zidaka bado zinaonekana katika nyumba kongwe za Lamu, na anayezitazama anaelewa mara moja kile ambacho maelezo ya darasani hukieleza kwa taabu. Huko Pate penyewe wakulima hulima tumbaku katikati ya magofu.

Siyu na Mwana Kupona

Siyu, mji mwingine wa kisiwa cha Pate, ulisifika kwa mafundi na waandishi wa miswada, pamoja na misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa rangi. Kadhi wake wa karne ya 19, Sayyid Umar bin Amin, alikuwa mshairi wa dini. Mtawala wake Bwana Mataka aliwapinga kwa miaka mingi masultani wa Zanzibar.

Mke wa Bwana Mataka alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate. Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa beti zipatazo mia moja. Ndani yake anamwelekeza kuhusu dini, adabu, usafi, namna ya kukaa na mume na namna ya kuwatendea watu wa chini. Wasomaji wa leo hugawanyika juu yake. Wengine huuona kuwa hati ya kumtiisha mwanamke. Wengine huonyesha kwamba mama huyu anamfundisha binti asiye na baba jinsi ya kujilinda katika jamii iliyompa njia chache. Hoja zote mbili zina mashiko katika maandishi yenyewe, lakini anayesoma mafunzo tu na kuziacha dua za mwishoni hukosa nusu ya utendi: hapo anayezungumza ni mgonjwa anayejua kwamba anaacha watoto nyuma. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934.

Lugha ya tungo

Tungo hizi ziko katika lahaja za kaskazini, hasa Kiamu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa hiyo wanafunzi wengi huziona ngumu kuliko zilivyo. Tofauti kadhaa hujirudia, na anayezishika husoma kwa wepesi zaidi. Mahali penye j ya Kiunguja mara nyingi Kiamu kina y: jua ni yua, jana ni yana. Nj huwa nd, kama katika ndia (njia) na ndaa (njaa). Ch huwa t: nti (nchi), mato (macho), kuteka (kucheka). Hili la mwisho huwapotosha wengi, kwa kuwa mtu anayecheka huweza kudhaniwa anateka maji. Mwisho wa -iye katika vitenzi huonyesha tendo lililokwisha. Jina la utungo wenyewe hutofautiana: kaskazini husemwa utendi, kusini utenzi.

Kwa kawaida utendi una beti za vipande vinne, kila kipande mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari. Al-Inkishafi hutumia vipande virefu zaidi.

Zote ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo hazikuwa na alama za kutosha kwa sauti zote za Kiswahili. Ndiyo maana neno moja huweza kusomwa kwa namna mbili au tatu, na matoleo yaliyochapishwa hayalingani.

Kijuma na safari ya miswada

Muhamadi Kijuma (aliyefariki mwaka 1945) alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga milango na mwandishi wa hati nzuri. Wataalamu wa Ulaya waliotafuta tungo za kale walimtegemea. Aliwanakilia miswada Werner na Hichens, na Ernst Dammann alifanya kazi naye Lamu katika miaka ya 1930. Kwa kazi hiyo tungo nyingi ziliokoka mchwa na unyevu. Kwa kazi hiyo hiyo nakala zake bora ziko London na katika maktaba za Ujerumani, na mwanafunzi wa Lamu anayetaka kuona mwandiko wa fundi wa mjini mwake huutafuta ng'ambo. Mkusanyo mwingine muhimu, ambao J.W.T. Allen alishiriki sana kuukusanya, uko katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Karne ya 20 na 21

Utunzi haukukoma. Maulidi ya kila mwaka kwenye msikiti wa Riyadha, yaliyoanzishwa na Habib Saleh, hukusanya wageni kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki, na kaswida na mashairi ni sehemu yake. Miongoni mwa malenga wanaojulikana zaidi ni Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu kama Mahmoud Mau, aliyezaliwa Lamu mwaka 1952. Wasiya wa Mabanati, shairi lake la kuwaonya wasichana, lilienea sana kwa kusikilizwa katika kanda. Msamiati wa vyombo haujamtoka, kama yanavyoonyesha majina ya tungo zake Jahazi na Bandari ina Mawimbi. Mkusanyo wa mashairi yake ulichapishwa na Brill mwaka 2023. Katika riwaya ya Kiingereza, Yvonne Adhiambo Owuor alianzia kisiwa cha Pate katika The Dragonfly Sea (2019).

Pwani yenyewe inabadilika haraka. Gati la kwanza la bandari kubwa ya mradi wa LAPSSET, katika Ghuba ya Manda, lilifunguliwa Mei 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za wenyeji, zikiwemo za utamaduni na mazingira, zilikiukwa katika ujenzi huo, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa katika kaunti hiyo hiyo. Vichuguu vya mchanga vya Shela, uwanja wa vita vya zamani, ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji wa Lamu, na ujenzi wa majumba kandokando yake umezua mabishano ya mara kwa mara. Wavuvi wa Kiamu na Kitikuu wana majina ya pekee ya miamba, mikondo na aina za maji. Sehemu kubwa ya majina hayo haijaingia katika kamusi yoyote, na husikika pale tu ambapo kazi ya uvuvi ingali ikifanywa.