Mjeledi na Machozi: Mapenzi katika "Adili na Nduguze"

Mahaba ni bahari ambayo washairi wa Pwani hawajapata kuichoka. Hata hivyo, wapo wasomaji wadhanio kwamba hadithi za majini na za watu waliogeuzwa wanyama hazina nafasi ya habari za moyo, kwamba ni maburudisho ya watoto kabla ya usingizi. Historia ya hadithi hizo katika Kiswahili yaonyesha kinyume chake. Ndani yake limekaa swali zito: mwenye kupenda amtendeeje yule aliyeyasaliti mapenzi yake?

Unguja ilikwisha kulijibu swali hilo kabla ya kuzaliwa riwaya ya Kiswahili. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London ngano alizozikusanya Unguja, na miongoni mwake kimo kisa cha Sultani Darai. Masikini Haamdani, achakuraye jaani kutafuta punje za mtama, aokota thumni na kumnunua paa. Kumbe paa yule anena kama binadamu. Kwa hila na ushujaa wake ampatia bwana wake binti wa sultani, amwua nyoka wa vichwa saba, na jumba la nyoka lawa la Haamdani. Kisha paa augua. Badala ya kumuuguza, Haamdani akumbusha kwamba alimnunua kwa thumni tu, na kuamuru apewe uji wa mtama mwekundu. Mkewe amhurumia paa na kumlilia, lakini paa afa kwa uchungu wa kukanwa. Mwisho wa yote, Haamdani ajiona yuko jaani tena, akichakura kama mwanzo. Hukumu imekamilika. Aliyekana wema amepoteza kila kitu, wala hapana mlango wa toba.

Miaka 82 baadaye alitokea mtunzi aliyelirudia swali hilo na kulijibu kwa namna nyingine. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kusoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, alichapisha "Adili na Nduguze" mwaka 1952. Jina la Adili halikuwa geni kwake. Ndilo aliloupa pia utenzi aliomwandikia mwanawe wa kiume kumwusia. Kwake yeye mapenzi na maadili vilikuwa uzi mmoja.

Adili ni liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai. Ikibali, mjumbe wa mfalme, afikapo nyumbani kwake ashuhudia ajabu. Usiku Adili awachapa manyani wawili mjeledi, kisha awalisha, awabembeleza na kulia. Wale si wanyama, bali ni nduguze wa damu, Hasidi na Mwivu. Waliufuja urithi wao, Adili akawagawia wake. Wakasafiri pamoja baharini, na katika mji ambao watu wake wote waligeuka mawe akamkuta binti mmoja tu aliye hai, Mwelekevu. Wawili hao wakaahidiana ndoa. Nduguze wakamtamani mchumba wake, wakamtosa Adili baharini. Akaokolewa na jini Huria, ambaye hapo nyuma Adili mwenyewe alimwokoa na adui. Huria ndiye aliyewageuza nduguze manyani na kuamuru wachapwe kila usiku.

Mwenye kutafuta mahaba katika kitabu hiki atayaona kwa Adili na Mwelekevu, nayo si haba. Binti aliyesalia peke yake katika mji wa mawe ni mfano mzuri wa moyo ukaao hai pale mioyo mingine ilipokauka. Lakini kiini cha kitabu kimo katika chumba cha manyani. Hapo mwandishi ameyakutanisha mambo mawili ambayo watu huyatenga: adhabu na huruma. Adili haufichi uovu wa nduguze, wala hadai kwamba kutoswa baharini ni jambo dogo. Mkono wake washika mjeledi kwa kuwa ameamriwa. Hata hivyo, mkono huo huo ndio utoao chakula. Machozi yake hayaifuti hukumu, lakini yaizuia isigeuke kuwa chuki.

Ukubwa wa uamuzi wa Shaaban Robert waonekana zaidi tukikumbuka asili ya kisa. Hadithi hii ina nasaba na kisa cha Abdullah bin Fadhil katika "Alfu Lela U Lela". Humo ndugu wawili waliogeuzwa wanyama, Nasir na Mansur, warejeshewa sura ya kibinadamu kwa ombi la Khalifa, lakini warudia uovu wao, na mwisho wao ni kuuawa. Mtunzi wa Tanga alikifuata kisa hatua nyingi, kisha akaiacha njia ile. Katika kitabu chake Rai awaombea manyani, nao warudishiwa utu wao. Hasidi na Mwivu wapatana na ndugu yao, naye Adili amwoa Mwelekevu. Huko kugeuza mwisho si kwa ajili ya kumfurahisha msomaji tu. Ni kusema kwamba aliyeshuka daraja la unyama aweza kupanda tena, iwapo yupo ampendaye hata akiwa nyani.

Yawezekana mtu akapinga kwamba Haamdani alistahili jaa lake, na kwamba ulimwengu usio na jaa huwafundisha watu uhasidi. Hoja hiyo ina nguvu, ndiyo maana ngano ya Unguja haijafa. Lakini vijana husoma visa hivi katika umri wa kuanza kusalitiwa na kusaliti, na wahitaji kuvijua vyote viwili. Ukonga, pembezoni mwa Dar es Salaam, pana gereza lijulikanalo nchi nzima. Kijana akuaye jirani na kuta zile hahitaji kuelezwa kwamba mtu aweza kuhukumiwa kwa haki na bado akabaki kuwa ndugu wa mtu. Jambo hilo Adili alilijua kila usiku, alipoweka mjeledi chini na kushika sahani.