Muuguzi katika chekechea: Elimu ya afya inayomfuata mtoto hadi nyumbani

CHANJO ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto anapotimu umri wa miezi 18. Baada ya siku hiyo, wazazi wengi huona safari za kliniki zimekwisha, na mtoto haonekani tena na muuguzi ila anapougua.

Ni katika kipindi hicho, kati ya miaka miwili na mitano, ambapo minyoo, funza, utapiamlo na kuhara humwandama mtoto bila kugunduliwa mapema. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kina kurasa za kufuatilia uzani na matone ya vitamini A hadi miaka mitano, lakini aghalabu kurasa za mwisho hubaki tupu.

Mahali pa kumpata tena mtoto huyo ni shule ya chekechea. Katika wadi ya Marafa, eneobunge la Magarini, Kaunti ya Kilifi, jambo hili lina uzito wa kipekee kwa sababu vijiji vimetawanyika na mwendo wa kufika kituo cha afya ni mrefu. Muuguzi mmoja akifika darasani asubuhi moja, huwaona watoto ambao pengine wasingeletwa kwake mwaka mzima.

Chimbuko la kazi hii

Fikra ya kumpeleka muuguzi shuleni si ngeni. Mnamo Oktoba 1902, Lina Rogers alianza kuzitembelea shule za New York, Marekani, ambako watoto wengi walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa maradhi ya ngozi, macho na chawa.

Badala ya kuwafukuza tu, Rogers aliwatibu, kisha akawafuata makwao kuwaelekeza wazazi. Idadi ya waliokosa masomo ilipungua mno na jiji likaajiri wauguzi zaidi.

Nchini Kenya, sera ya kitaifa ya afya shuleni ilitolewa mwaka wa 2009 na kufanyiwa marekebisho 2018. Mwaka huo wa 2009 pia ndipo mpango wa kitaifa wa kuwapa watoto wa shule dawa za minyoo ulipoanza. Mpango huo, uliofufuliwa 2012, uliwajumuisha watoto wa chekechea pamoja na wenzao wa shule za msingi.

Katiba ya 2010 nayo ilikabidhi kaunti majukumu mawili yanayokutana hapa. Jedwali la Nne linazipa kaunti huduma za afya za mashinani na vilevile elimu ya chekechea. Kwa hivyo muuguzi wa zahanati na mwalimu wa chekechea ni watumishi wa serikali moja ya kaunti, ingawa wako chini ya idara mbili tofauti.

Hapo ndipo penye ufa. Muuguzi wa zahanati ana foleni ya wagonjwa, kliniki ya waja wazito na chanjo za watoto wachanga. Ziara ya shuleni isipoandikwa katika ratiba yake ya kazi, na gharama ya usafiri isipotengewa fedha, hubaki kuwa hisani anayoifanya akipata nafasi.

Somo la mtoto wa miaka minne

Mtoto wa chekechea hafundishwi kwa hotuba. Somo linalofaa huchukua dakika 10 hadi 15, hugusa jambo moja pekee, na humpa mtoto kitu cha kufanya kwa mikono yake: kunawa, kupiga mswaki, kuosha miguu au kufunika mdomo anapokohoa.

Lugha nayo ni muhimu. Wengi wa watoto wa Marafa huingia darasani wakiwa na Kigiriama pekee, na mtaala unaruhusu lugha ya eneo kutumiwa katika madarasa ya mwanzo. Wimbo wa kunawa mikono unaoimbwa kwa Kigiriama ndio utakaoimbwa tena jioni nyumbani.

Kuna kikwazo kingine ambacho wauguzi hukifahamu vyema. Mtoto mtundu hutishiwa kwamba atapelekwa kudungwa sindano, hivyo sare ya muuguzi humtia hofu kabla hata hajasalimiwa. Ziara ya kwanza yafaa iwe ya nyimbo na michezo tu. Mtoto aliyezoea kumwona muuguzi bila sindano atamwonyesha kidonda chake siku nyingine.

Maji machache, mikono safi

Marafa, iliyo karibu kilomita 30 kaskazini-magharibi mwa Malindi, inajulikana na watalii kwa sababu ya Nyari, bonde la miamba ya rangi nyekundu na nyeupe. Wenyeji husimulia kwamba hapo paliishi familia tajiri iliyooga kwa maziwa ilhali wengine wakihitaji, na ardhi ikadidimia kwa adhabu.

Ni masimulizi yanayoeleweka upesi katika eneo kame. Mwalimu hawezi kuwaambia watoto 40 wanawe mikono iwapo pipa la shule ni tupu.

Suluhisho la bei nafuu ni mtungi wa plastiki wa lita tano uliotobolewa tundu dogo, ukaning'inizwa kwenye nguzo na kufungwa kamba inayokanyagwa kwa mguu. Maji hutiririka kidogo kidogo, na mikono michafu haigusi mtungi. Sabuni ya kipande hufungwa kando yake. Watoto hufundishwa kunawa kwa muda wa sekunde 20, hasa baada ya kutoka msalani na kabla ya kula.

Funza na miguu mitupu

Funza aliletwa Afrika kutoka Amerika Kusini. Mwaka wa 1872 aliwasili Angola kwa meli iliyotoka Brazil, na kufikia mwisho wa karne ya 19 alikuwa amevuka bara hadi pwani ya mashariki.

Jike hujichimbia kwenye ngozi ya mguu, hufura hadi kukaribia sentimita moja, kisha hutaga mayai ambayo huanguka mchangani na kuangua. Sakafu ya udongo usiosakafiwa, nyumbani au darasani, humpa mazalio.

Desturi ya kuwatoa kwa pini au mwiba mmoja unaopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto ni ya hatari. Inaweza kueneza virusi vya HIV na homa ya ini, na kidonda kinaweza kuingia pepopunda. Mafuta ya dimetikoni, ambayo humuua funza kwa kuziba njia yake ya hewa bila kuidunga ngozi, yalijaribiwa nchini Kenya na matokeo yake kuchapishwa 2014.

Muuguzi huwafundisha watoto kuosha miguu kwa sabuni kila siku na kuvaa viatu. Lakini jambo zito zaidi ni la mwalimu: mtoto mwenye funza asisimamishwe mbele ya wenzake. Aliyeaibishwa huanza kuficha miguu, kisha huacha kuja shule.

Darasa pekee halitoshi

Kuhusu minyoo, ushahidi mzito ulitoka kaunti jirani ya Kwale. Katika utafiti uliofanywa kati ya 2015 na 2017, maeneo ambako watoto wa shule pekee walipewa dawa mara moja kwa mwaka yaliona maambukizi ya minyoo ya safura yakishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Palipotibiwa jamii nzima mara mbili kwa mwaka, yalishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 4.6.

Maana yake ni kwamba mtoto anayemeza tembe shuleni, kisha akarudi katika boma lisilo na choo na lenye watu wazima wasiotibiwa, huambukizwa upya. Minyoo ya safura hunyonya damu, na mtoto aliyepungukiwa na damu husinzia darasani akadhaniwa kuwa mzito wa kuelewa.

Elimu ya muuguzi nayo iko vivyo hivyo. Isipomfikia mama, baba na nyanya, huishia langoni mwa shule. Ndiyo sababu ziara ya shuleni yafaa iandaliwe pamoja na mkutano wa wazazi, na wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua upya kote nchini Septemba 2023, wakabidhiwe majina ya maboma ya kufuatwa.

Yanayoweza kufanywa bila muuguzi

Kati ya ziara moja na nyingine, mwalimu aliyeelekezwa anaweza kuendeleza kazi.

Utepe wa kupima mkono wa juu hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kipimo cha chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, na mtoto huyo afikishwe kituoni siku hiyo hiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano, naye anahitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Dalili nyingine zisizopaswa kungoja ni homa kali, kuhara kunakoambatana na macho yaliyodidimia, degedege, kupumua kwa shida na ulegevu usio wa kawaida.

Mzazi naye anaweza kuongeza mchicha, kunde au mtsunga kwenye ugali wa mtoto, kumlaza ndani ya neti yenye dawa, na kukitoa tena kile kijitabu cha kliniki kilichohifadhiwa sandukuni. Vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita hadi mtoto anapofikisha miaka mitano. Ukurasa ulio tupu unaweza kuanza kujazwa wiki hii.