Miaka 25 ya TfL, Ikitazamwa Kutoka Stratford

Tarehe 3 Julai 2025 mamlaka inayosimamia usafiri wa umma London, ambayo kila mtu jijini anaiita kwa herufi tatu tu, TfL, ilitimiza miaka 25. Ofisi zake kubwa ziko Stratford, mashariki mwa jiji, katika jengo la Endeavour Square, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka stesheni. Katikati ya miaka ya 1990 ofisa aliyepewa barua ya kuhamia Stratford angejiuliza amemkosea nini bosi wake: palikuwa na reli, maghala, karakana iliyofungwa na viwanja vilivyoota magugu. Nimechagua kuisimulia taasisi hii kutokea huku, si kutokea bungeni Westminster, kwa sababu ugomvi karibu wote ulioizaa ulipita kwenye reli na barabara za Stratford.

Reli yenyewe ilifika mapema. Kampuni ya Eastern Counties ilifungua stesheni tarehe 20 Juni 1839, na 1847 ikahamishia hapa karakana yake kuu kutoka Romford. Nyumba za wafanyakazi zikaota kuizunguka, mtaa ukaitwa Hudson Town kwa heshima ya George Hudson, tajiri wa reli aliyekuja kuanguka kwa kashfa ya mahesabu. Baada ya hapo hakuna aliyelitaka tena jina lake, mtaa ukawa Stratford New Town. Desemba 1891 mafundi wa karakana hiyo waliunganisha kichwa cha treni, namba 930, kwa saa 9 na dakika 47, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Karakana ilifungwa kabisa 1991, na jengo la maduka la Westfield, lililofunguliwa Septemba 2011, limekalia sehemu ya ardhi yake. Nje ya stesheni pamewekwa kichwa kidogo cha treni ya mvuke kiitwacho Robert, na wapita njia wengi hudhani ni masalia ya kazi ya mafundi wale. Siyo. Kiliundwa Bristol 1933 na kampuni ya Avonside, kikatumika kwenye machimbo ya mawe ya chuma ya Northamptonshire, kisha kikaletwa Stratford kuwa pambo.

Treni zilikuwepo, basi, lakini usafiri haukuwa na mwenyewe mmoja. Halmashauri ya West Ham, ambamo Stratford ilikuwa, iliendesha tramu zake za umeme tangu 1904. Kampuni za reli kila moja na tiketi yake. Na miaka ya 1920 barabara zilijaa mabasi ya watu binafsi yaliyokimbizana na kugombea abiria, hata magazeti yakayaita maharamia. Mwaka 1933 serikali iliunda Bodi ya Usafiri wa Abiria ya London, chini ya Lord Ashfield na mtendaji wake Frank Pick, ikakusanya mabasi, tramu na treni za chini ya ardhi chini ya paa moja. Ziliachwa nje reli kuu tu. Kasoro hiyo Stratford iliilipia kwa zaidi ya miaka 70, maana abiria wengi wa mashariki walitegemea hasa reli hizo. Bodi iliahidi kuuleta mkondo wa Central wa treni za chini ya ardhi hadi Stratford, vita ikachelewesha, na treni ya kwanza ikafika tarehe 4 Desemba 1946.

Naruka miaka thelathini na kitu, kwa kuwa siku ya kweli ya kuzaliwa kwa TfL, kwa maoni yangu, iko 1981.

Mei mwaka huo chama cha Labour kilishinda uchaguzi wa Baraza la London Kuu, lililojulikana kama GLC, na Ken Livingstone, mtu wa miaka 35, akawa kiongozi wake. Oktoba nauli zikashushwa kwa karibu theluthi moja, pengo likajazwa kwa kodi ya majengo. Halmashauri ya Bromley, kusini mwa jiji, haikuwa na hata stesheni moja ya treni ya chini ya ardhi. Ikaenda mahakamani ikiuliza kwa nini wakazi wake wagharamie safari za wengine. Desemba majaji wa Baraza la Malodi wakakubaliana nayo: sheria ya 1969 ilitaka usafiri uendeshwe kwa kuzingatia faida na hasara, na punguzo lile lilikiuka wajibu huo. Machi 1982 nauli zikapanda karibu maradufu. Abiria wakapungua, magari madogo yakarudi barabarani kwa wingi, na watu ambao hawakuwahi kufikiria siasa za nauli wakaanza kuzijadili kwenye foleni ya basi. Mei 1983 GLC ikarudi na mpango mwingine, safari hii umepikwa na wanasheria: nauli chini kwa robo, jiji kugawanywa kwa kanda, na tiketi moja iitwayo Travelcard ikubalike kwenye basi na kwenye treni ya chini ya ardhi. Serikali ya Margaret Thatcher haikusubiri matokeo. Juni 1984 iliipokonya GLC usafiri, na 1986 ikaifuta GLC yenyewe.

Swali la Bromley halijapata jibu mpaka leo. Anayepanda basi ndiye alipe gharama yake, au jiji zima linalonufaika na barabara zisizofungana lichangie? Bodi, mabaraza na mamlaka zote zilizofuata zimekuwa zikilijibu kwa namna tofauti, kila moja kulingana na aliyeshika mfuko.

Katika sheria za enzi ya Thatcher kuna jambo moja lililoiokoa London, na halisemwi vya kutosha. Oktoba 1986 mabasi yote ya Uingereza nje ya London yaliachiwa soko huria: kampuni yoyote ichague njia yake na ipange nauli yake. London ilibakizwa nje. Huko kampuni binafsi ziliingia pia, na mabasi ya umma yakauzwa 1994, lakini kwa utaratibu mwingine. Mamlaka ndiyo inayochora njia, inayopanga ratiba, nauli na rangi ya basi. Kisha inatangaza zabuni kwa kila njia, na kampuni inayoshinda inalipwa kwa kuendesha. Aliyezoea daladala, ambapo mwenye gari anadai hesabu yake ya jioni na dereva na konda wake wanajua wenyewe watakavyoipata, atashangaa kuona kwamba dereva wa basi la 25 hana habari kabisa na nauli yako. Hakimbilii kituo. Zaidi ya hapo, mara kwa mara basi husimama kituoni milango wazi na sauti ya kinasa inatangaza kwamba litangoja kidogo ili kuweka nafasi sawa kati ya basi na basi. Abiria wanaguna. Kwetu gari linangoja lijae. Hapa linangoja kwa sababu kampuni hupimwa kwa muda ambao mtu amesimama kituoni. Miji kama Manchester iliusaka utaratibu huu kwa miaka mingi, ikaupata kwa mabasi yake yote Januari 2025 tu. Na Dar es Salaam, tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016, mjadala wa nani apange, nani aendeshe na nani abebe lawama ya foleni za Kimara ni ndugu wa mjadala huuhuu.

Haki itendeke: miaka ile ambayo London haikuwa na serikali yake, baada ya GLC kufutwa, Stratford haikusahauliwa. Agosti 1987 ilifunguliwa DLR, treni ndogo isiyo na dereva kwenye chumba cha mbele, ikitumia sehemu kubwa ya reli za zamani kwa gharama ya pauni milioni 77, ambayo kwa viwango vya reli ni bei ya bure. Stendi ya mabasi, yenye paa la vitambaa vyeupe mfano wa miavuli iliyogeuzwa juu chini, ilifuata 1994. Mei 1999 ukafika mkondo wa Jubilee. Yalijengwa, lakini hapakuwa na mtu mmoja ambaye mkazi wa Stratford angeweza kumpigia au kumnyima kura kwa sababu ya basi lake.

Hilo ndilo TfL iliundwa kulirekebisha. Sheria ya 1999 iliipa London meya wa kuchaguliwa, na tangu 3 Julai 2000 meya huyo ndiye mwenye usukani wa usafiri. Wapiga kura wakamrudisha nani? Ken Livingstone yuleyule. Alimleta Bob Kiley, aliyewahi kuusimamia usafiri wa New York, kuwa kamishna wa kwanza, na kwa miaka michache kasi ilikuwa ya ajabu. Februari 2003 ilianza tozo ya pauni 5 kwa magari yanayoingia katikati ya jiji, na sheria ikalazimisha fedha hizo zitumike kwenye usafiri. Mwaka huohuo ikaja kadi ya Oyster. Watoto wa chini ya miaka 16 wakapanda basi bure kuanzia 2005, na mwisho wa mwaka huo mabasi karibu yote yakawa na sakafu ya chini inayompokea mtu wa kiti cha magurudumu. Desemba 2005 mabasi ya zamani ya Routemaster, yaliyokuwa na makonda, yaliondolewa kwenye njia za kawaida. Fedha taslimu zikakataliwa ndani ya basi Julai 2014.

Njia ya 25, inayopita Stratford kutoka Ilford, ilipewa mabasi marefu yenye kiungo katikati mwaka 2004. Milango ikiwa mitatu na dereva akiwa mbali, waliopanda bila kulipa hawakuwa wachache, na wenyeji waliyatania kuwa mabasi ya bure. Boris Johnson, meya aliyemfuata Livingstone, aliahidi kuyafukuza mabasi hayo, akatimiza kwenye 25 mwaka 2011. Ahadi za meya zinapogusa basi, mtu huziona mlangoni pake.

Ushindi wa kuandaa Olimpiki, uliotangazwa Julai 2005, ndio uliofanya Stratford itajwe duniani, na kila mtu ameshasimulia habari za 2012. Mimi naona tukio lililobadilisha zaidi maisha ya watu wa hapa ni la kimya: Novemba 2007 TfL ilichukua reli ya kaskazini mwa London, inayoanzia Stratford, iliyokuwa imechakaa na stesheni zake hazina mtu usiku. Ikaitwa Overground, ikapakwa rangi ya machungwa, ikawekewa wahudumu. Mwaka 2015 ikafuata reli ya kwenda Shenfield, ambayo tangu 2022 ni sehemu ya mkondo wa Elizabeth. Kasoro ya 1933 ikaanza kuzibwa.

Fedha ndiyo iliyobaki kuwa jeraha. Serikali kuu iliamua 2015 kuondoa ruzuku ya uendeshaji ya takriban pauni milioni 700 kwa mwaka. Sadiq Khan naye, aliyeingia umeya 2016, alizuia nauli za TfL zisipande kwa miaka minne, akaongeza haki ya kubadilisha basi ndani ya saa moja bila kulipa tena. Msafishaji anayetoka Lewisham na basi la 108 alfajiri na kuunganisha Stratford anajua thamani ya haki hiyo kuliko mchumi yeyote. Lakini TfL ilibaki inategemea nauli kwa zaidi ya theluthi mbili ya mapato yake, kiwango ambacho miji mingi mikubwa ya dunia isingethubutu.

Kisha ikaja korona. Kati ya Aprili 2020 na Machi 2021 stesheni yenye shughuli nyingi kuliko zote Uingereza haikuwa Waterloo, iliyozoea nafasi hiyo. Ilikuwa Stratford, ikiwa na karibu milioni 14 za kuingia na kutoka. Wenye kazi za kompyuta walibaki nyumbani. Wauguzi, wapishi, walinzi, watunza wazee na wasafishaji hawakuwa na chaguo, na wengi wao wanaishi huku. Kwenye basi la 86 kuelekea Romford utasikia Kibengali, Kisomali, Kilingala, na si ajabu ukasikia Kiswahili cha Mombasa au cha Bukavu. TfL ilikwenda kuomba msaada serikalini mkataba baada ya mkataba, na kila mkataba ulikuja na masharti kuhusu nauli na matumizi. Bromley ingetabasamu.

Aprili 2025 lilifunguliwa handaki la barabara la Silvertown, linalopita chini ya mto Thames kutoka halmashauri ya Newham ambamo Stratford imo, na magari yakaanza kutozwa hapo na kwenye handaki jirani la Blackwall. Wakazi wengi walilipinga: mamlaka inayotoza magari machafu kote jijini inajengaje barabara mpya ya magari? TfL inajibu kwamba handaki limeleta mabasi ya kuvuka mto ambayo hayakuwepo, na ni kweli yapo.

Juni 2025 serikali iliahidi TfL pauni bilioni 2.2 kwa miaka minne. Lakini stesheni ya Stratford yenyewe imeshazidiwa: ngazi na vichochoro vyake vilipangwa kwa umati mdogo zaidi, na siku za mechi za klabu ya soka ya West Ham foleni hufika hadi nje. Mipango ya kuijenga upya imeandikwa na TfL pamoja na Newham na wenye reli. Hadi 2025 ilikuwa haijapata fedha.