Kiamshi, si Kipokezi

Kijisanduku kinachofungwa chini ya boneti ili spotlaiti za Land Cruiser ziwake bila kuunguza swichi, mafundi wetu hukiita rilei. Wapo wataalamu wa istilahi wanaotaka kiitwe kipokezi, na tafsiri hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Msomaji anakijua kifaa chenyewe, hivyo nitashughulika na jina. Dai langu ni kwamba kipokezi linapotosha kazi ya kifaa hiki, na kwamba kiamshi, neno ambalo nimelishikilia na sina nia ya kuliacha, linaieleza kazi hiyo ilivyo.

Kosa limeanzia kwenye kutafsiri historia ya neno la Kiingereza, relay, badala ya kutafsiri kazi ya kitu. Waingereza walilitoa neno lao katika Kifaransa cha kale, ambako lilihusu mbwa wa akiba waliowekwa njiani ili waendeleze mawindo pale wenzao walipochoka. Likahamia kwa farasi wa kubadilishana katika safari ndefu, kisha likaingia kwenye telegrafu. Katika miaka ya 1830 Joseph Henry, huko Marekani, alionyesha kwamba umeme hafifu ukizungushwa kwenye sumaku-umeme unaweza kuendesha sakiti nyingine yenye betri yake yenyewe, na hataza ya Morse ya mwaka 1840 ikaitumia mbinu hiyo kusafirisha ujumbe mbali zaidi. Katika telegrafu jina lilistahili, kwa sababu ujumbe ulipokewa kwa kweli na kupelekwa mbele. Kwetu picha hiyohiyo ilitupa mbio za kupokezana vijiti, tafsiri isiyo na dosari uwanjani. Ndipo waliokaa kwenye vikao wakaona kitenzi kimeshapatikana, wakakipachika kiambishi, wakafunga mjadala. Hawakuuliza kama chini ya boneti kuna kijiti cha kupokezana. Wala hawakujali kwamba kipokezi tayari lina kazi yake, ya kutaja chombo kinachonasa mawimbi ya redio.

Tukiangalie kifaa kwa karibu. Spotlaiti mbili za halojeni, kila moja ya wati 100, kwenye gari la volti 12 zinavuta takriban ampea 17, mzigo ambao swichi ndogo ya dashibodi haikuundwa kuubeba. Kwa hiyo swichi inapewa kazi nyepesi: inapeleka umeme ambao kwa kawaida haufiki hata robo ya ampea kwenye mguu namba 86, umeme huo unapita katika koili na kutokea namba 85 kwenda kwenye bodi ya gari. Koili inageuka sumaku, inavuta ulimi wa chuma, unasikika mlio mdogo wa tiki, na hapo mguu namba 30 unaotoka kwenye betri unaungana na namba 87 unaokwenda kwenye taa. Umeme uliopita kwenye koili hauendi kwenye taa hata chembe. Mkondo mdogo umeuamsha mkubwa, basi. Mwanafunzi aliyefundishwa kipokezi ana kila sababu ya kudhani kwamba kifaa kinaupokea umeme wa swichi na kuupeleka kwenye taa, na mwenye dhana hiyo ndiye atakayepitisha mzigo mzima kwenye dashibodi mpaka ganda la waya liyeyuke. Ndiyo maana naliona jambo hili ni zito.

Nitaambiwa kwamba rilei limeshaenea, tuliache. Hoja hii naiheshimu kuliko kipokezi, maana imetoka kwa watu wanaofanya kazi. Lakini rilei ni neno bubu: halimwambii chochote anayelisikia mara ya kwanza. Nitaambiwa pia kwamba maneno ya kuundwa hayashiki. King'amuzi limeshika, tena kutokana na kitenzi cha kawaida kabisa, na Tanzania ilipozima mitambo ya analojia watu walikwenda dukani kuulizia ving'amuzi pasipo kufundishwa na mtu. Wengine wanapinga kwamba kiamshi linafanana mno na kiamsha kinywa. Mfanano huo unanisaidia, kwa kuwa chakula kile kidogo cha asubuhi nacho huamsha tu, na mlo wenyewe hutoka kwingine. Iliyobaki ni hoja ya mguu namba 87a, ambao hukatika pale koili inapopata umeme, kwamba hapo kifaa kinazima badala ya kuamsha. Hata hapo kinachoamshwa ni ulimi wa chuma. Taa kuwaka au kuzimika ni suala la mguu uliouchagua.



Nawaomba walimu wa umeme wa magari na waandishi wa vitabu vya ufundi waandike kiamshi, na kando yake waweke rilei kwa ajili ya mafundi waliolizoea. Kipokezi walirudishe kwenye redio.