Rojo la matunda kwa mwenye jongo

Parachichi, zao linalostawi wilayani Kilolo, mkoani Iringa, likipondwa bila sukari humfaa mwenye jongo, maradhi yatokanayo na asidi ya yuriki kuzidi katika damu na kuganda viungoni, aghalabu kwenye kidole gumba cha mguu. Tunda hilo lina sukari kidogo mno.

Mapeasi ni jambo jingine. Yana fruktosi kwa wingi, nayo ini linapoivunja huzalisha asidi hiyohiyo. Peasi moja la kutafuna si tatizo. Manne yaliyosagwa hunywewa kwa dakika mbili. Sukari ya kuongezwa, ambayo nusu yake ni fruktosi, huharibu hata rojo la parachichi. Aliyeacha maini na ulanzi akahamia kwenye glasi kubwa za rojo tamu, maumivu yaweza kumrudia.

Mwenye figo dhaifu amwone daktari kwanza, kwani parachichi lina potasiamu nyingi.