Kiwanda kimoja, wachumaji mamia

Asubuhi huku Sigowet utawakuta watu wamepanga foleni na vikapu kwenye kituo cha kununulia majani chai. Kila mmoja ana kilo zake chache, na kiwanda ni kimoja. Mimi ni mtu wa kuandika programu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba ndani ya jani kila molekuli ya klorofili ni kiwanda kidogo kinachojitegemea. Kumbe sivyo.

Mwaka 1932, huko Pasadena, Marekani, Robert Emerson na William Arnold walimulika mwani kwa mimweko mifupi sana ya taa, kisha wakapima oksijeni. Hata mwanga ulipozidi, kila mmweko ulitoa molekuli moja tu ya oksijeni kwa klorofili 2,400 hivi. Sasa hizo nyingine zote zilikuwa zinafanya nini? Mwaka 1936 Hans Gaffron na Kurt Wohl walipendekeza jibu: nyingi ni wachumaji tu. Zinadaka mwanga na kupeleka nishati mahali pamoja.

Lakini humo hamna lori. Mjerumani Theodor Förster, kati ya 1946 na 1948, alieleza jinsi nishati inavyoruka kutoka molekuli moja hadi jirani yake bila mwanga wowote kutoka. Umbali ukiongezeka maradufu, kasi hupungua mara 64. Mara 64, ndugu msomaji! Kwa hiyo mpangilio ndio kila kitu, na hapo ndipo wanakemia walipoingia kuiga.

Mwaka 1994 Richard Wagner na Jonathan Lindsey waliunganisha kwa mstari rangi ya kudaka mwanga, kisha porifirini tatu zenye zinki, na mwishoni porifirini isiyo na metali. (Porifirini ni ndugu za klorofili, na pia za ile rangi nyekundu ya damu yako.) Asilimia 76 ya nishati iliyodakwa ilifika mwisho wa mstari.

Mbona basi hazijafika kwenye mabati yetu? Kwa maoni yangu tumeshangilia asilimia mno tukasahau matengenezo. Jua likiwa kali, protini ya jani iitwayo D1, iliyo kwenye kiwanda chenyewe, huharibika na kubadilishwa kwa muda wa nusu saa hivi. Molekuli ya maabara ikiungua, imeungua.