Mjomba, Shangazi na "Anko"

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, mhariri ameomba makala ya historia. Sitazungumzia vita wala watawala, bali maneno ya ukoo, kwa kuwa kazini kwangu hapa Kilosa hayo ndiyo yanayonikwamisha kila unapoletwa muhtasari wa kikao cha ukoo kwa ajili ya mirathi.

Kwanza tutazame ng'ambo. Mwaka 1786, mjini Calcutta, jaji William Jones alieleza kuwa Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini zinaelekea kuwa na asili moja. Maneno ya ukoo ni ushahidi ulio wazi: baba ni pitar kwa Kisanskriti, pater kwa Kilatini, father kwa Kiingereza. Warumi walitofautisha pia patruus, ndugu wa baba, na avunculus, ndugu wa mama. Waingereza walilipata hili la pili kupitia Kifaransa, likawa uncle, nalo likawabeba wote wawili. Tofauti ikapotea.

Lugha za Kibantu zina ushahidi wake. Kwa Wazulu mjomba ni malume, yaani mama wa kiume, na shangazi ni babekazi, baba wa kike. Shangazi letu nalo limeundwa vivyo hivyo: mwanzo wake ni neno la kale la baba, na mwisho wake ni -kazi ya kike, ileile ya mkaza mwana. Wanyankole wa Uganda husema shwenkazi. Ndiyo maana shangazi akiingia penye shughuli watu hukaa sawasawa: ni baba aliyevaa kanga!

Kwa Wakaguru na Wasagara wa wilaya hii, ukoo hufuata upande wa mama. Kwa mila yao, mpwa ni wa ukoo wako. Mtoto uliyemzaa ni wa ukoo wa mkeo. Hapo mjomba si mtu wa kuchanganywa na mwingine.

Sasa nenda Mikumi, penye barabara kuu ya Iringa. Kila dereva ni "anko". Kwa kuuzia karanga, haidhuru. Lakini kijana mmoja wa huko alileta muhtasari unaomtaja "anko" kuwa msimamizi wa mirathi. Nikamwuliza, ndugu wa baba au wa mama? Akatazama dari, kisha akatoka nje kumpigia bibi yake simu.